Kijiko cha mapenzi chenye jina "Nia": mbao nyota tano, kadi nyota mbili

Kwa mwenye haraka: kijiko ni kizuri, kinunue. Ila kadi ya maana ya jina inayokuja nacho, isome mara mbili kabla hujamkabidhi mtu. Mwenye nafasi akae, maana habari ya kadi ni ndefu na ndiyo iliyonifanya niandike.

Bidhaa yenyewe ni llwy garu, kijiko cha mapenzi cha Wales, kilichochongwa jina la mtoto, pamoja na kadi ngumu ya ukubwa wa postikadi inayoeleza asili na maana ya jina hilo kwa Kiwelisi na Kiingereza. Niliagiza mtandaoni kutoka duka dogo la zawadi huku huku Wales. Jina la duka naliweka kando, kwa sababu walinijibu kwa adabu kila nilipowaandikia, na kosa lao ni kosa linalozunguka kila mahali mtandaoni. Kijiko paundi 46, kadi paundi 6 juu yake, posta paundi 4. Mpokeaji ni binti wa mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa Bangor na anayeishi na wazazi wake Caernarfon. Anaitwa Nia. Mimi ndiye shangazi.

Kijiko kwanza. Urefu wake ni kama wa mwiko wa kusongea ugali wa watu wawili, ila chembamba na kimejaa nakshi, na ni cha kutundika ukutani, si cha kulia. Mbao ni sycamore wa huku. Usiuchanganye na mkuyu aliopanda Zakayo, huu ni mti mwingine kabisa: mbao yake ni nyeupe, nyuzi zimeshikana, na haiachii chakula ladha yoyote, ndiyo maana zamani walichongea vyombo vya maziwa na vijiko vya nyumbani. Desturi ilikuwa kijana achonge kijiko jioni za baridi, ampelekee msichana aliyempenda, na ufundi wa mkono wake uwe ndiyo barua yake. Katika makumbusho ya Sain Ffagan, nje kidogo ya Cardiff, kuna kimoja kilichochongwa tarehe 1667. Siku hizi hutolewa kwa harusi, kwa ubatizo, kwa mtoto aliyezaliwa, hata kwa mtu anayestaafu.

Fomu ya kuagizia inakuonyesha alama na maana zake. Moyo ni mapenzi, hilo halihitaji mkalimani. Ufunguo au tundu la kitasa ni nyumba. Gurudumu ni ahadi ya kumtunza mtu. Kiatu cha farasi ni bahati. Fundo la Kikelti, lile lisilo na mwanzo wala mwisho, ni mapenzi yasiyokatika. Halafu kuna gololi zilizofungiwa ndani ya kizimba kidogo kwenye mpini, ambazo huhesabu watoto. Nilichagua moyo, kiatu cha farasi na gololi moja.

Hiyo gololi ndiyo iliyonifanya nisione uchungu wa bei. Haikuingizwa kutoka nje. Fundi anachonga kizimba na gololi kutoka kipande kilekile cha mti, anachokonoa taratibu hadi gololi inaachana na kuta zake na kuanza kuzunguka yenyewe humo ndani. Ukikitikisa kijiko, inagonga. Niligeuza na kugeuza nikitafuta mahali palipogundishwa, sikupaona. Mgongo wa kijiko umepigwa msasa laini kama wa mbele, na fundi mvivu ungemjulia hapo.

Lawama yangu kwenye kijiko ni moja. Tangazo linasema "kimechongwa kwa mkono" bila kubakisha kitu, lakini herufi tatu za N-I-A hazikuchongwa, zimechomwa kwa mashine ya leza. Kingo zake ni za kahawia na kina chake ni sawasawa kila mahali, mkono wa mtu haufanyi hivyo. Sina ugomvi na leza, herufi zinasomeka vizuri. Ninachotaka ni tangazo liseme hivyo. Na kamba ya kutundikia ni utepe mwembamba wa kung'aa ambao haulingani kabisa na kazi hiyo. Wifi yangu aliutoa akaweka kamba ya ngozi siku ileile.

Sasa kadi.

Kadi ya kwanza ilisema, kwa maneno yangu, kwamba Nia ni jina la kale la Kiwelisi lenye maana ya "kusudi". Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Kusudi! Hilo ni letu. Ni nia yetu hiihii, tuliyoipata kwenye Kiarabu, anayoitia mtu usiku kabla ya kufunga, ambayo mwalimu alitufundisha kwamba matendo huhesabiwa kwayo. (Ndiyo, penye nia pana njia. Mdogo wangu ameshaisema tangu mimba ina miezi mitatu, tuendelee.) Kukuta neno la nyumbani limevishwa kofia ya Wales na kuuziwa kwa paundi sita kulinifurahisha kwa dakika chache, kisha kukaniudhi.

Njia liliyopita kosa hilo naweza kuikisia bila shida. Mwaka 1966 huko Marekani, Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa na kuijengea misingi saba, yote kwa maneno ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Nia ni ya tano, na siku yake ni tarehe 30 Desemba. Wazazi Wamarekani weusi walilipenda neno hilo wakawapa binti zao, na wana haki. Halafu zikaja tovuti za majina ya watoto, ambazo kazi yao ni kukusanya kila kitu chini ya herufi N na kukitenga kwa alama za mkato: Nia, Kiwelisi, Kiswahili, kusudi, mng'ao. Mtu wa duka akisoma haraka anaokota neno la kwanza chini ya lugha ya kwanza. Ukitazama bibi na mashangazi zetu, utakutana na Neema, na Tumaini, na Subira, na Mwanaidi. Nia sikumbuki hata mmoja. Kwetu ni neno la zamani ambalo limekuwa jina juzi.

Nia wa Wales ana ukoo mwingine. Ni Niamh wa Ayalandi, jina linalotamkwa karibu na Niiv au Niav kutegemea mtu anatoka upande gani, na ambalo katika Kiayalandi cha kale ni mng'ao, nuru inayomeremeta, uzuri unaowaka. Mwenye jina hilo katika hadithi ni binti wa kifalme mwenye nywele za dhahabu, aliyekuja juu ya farasi mweupe kumchukua Oisín, mwana wa shujaa Fionn mac Cumhaill, akampeleka Tír na nÓg, nchi ya ujana, ambako mtu hazeeki. Oisín alikaa huko anachodhani ni miaka mitatu, akashikwa na hamu ya kwao. Niamh akampa farasi na sharti moja: usikanyage ardhi. Kumbe Ayalandi ilikuwa imepita miaka 300 na wenzake wote walikuwa mavumbi. Akakuta watu wanahangaika na jiwe, akainama kutoka kwenye tandiko kuwasaidia, mkanda wa tandiko ukakatika, akaanguka. Mwili ulipogusa udongo, miaka yote ikamrudia kwa mkupuo akawa kikongwe palepale. Sasa unajua kwa nini nilichagua kiatu cha farasi. Hakuna aliyeniuliza, lakini ninaandika hapa ili juhudi yangu isipotee.

Kuvuka bahari kutoka Ayalandi hadi Wales, jina lilihitaji mshairi. T. Gwynn Jones, yule aliyetwaa kiti cha ushairi, tuzo kubwa ya washairi, kwenye Eisteddfod ya Taifa (tamasha kuu la Wales la mashairi na muziki) iliyofanyika Bangor mwaka 1902, aliisimulia hadithi hii kwa Kiwelisi katika shairi lake refu "Tir na n-Óg" la mwaka 1916, na ndani yake Oisín anakuwa Osian na Niamh anakuwa Nia. Tendo la kuondoa herufi mbili za mwisho ndilo lililowapa wazazi wa Wales jina wanaloweza kuliandika jinsi linavyosikika. Kwa hiyo hilo neno "la kale" kwenye kadi nalo limeyumba. Hadithi ni ya kale, Niamh ni wa kale. Nia kama jina la msichana wa Wales ni la karne ya 20.

Haya si mambo niliyokuja nayo kutoka Tanga. Mengi nilianza kuyasikia kwa mama yake wifi, ambaye mtoto anamwita nain (ndivyo bibi anavyoitwa kaskazini, kusini, ninakoishi mimi, ni mam-gu). Kadi ile ya kwanza nilimpelekea kwa mkono kabla ya kuirudisha, kwa treni ya kutoka Cardiff hadi Bangor na basi hadi Caernarfon, safari ambayo, kwa vituko vya reli za huku, inakutoa kwanza Wales na kukuingiza England ndipo ikurudishe Wales. Nain aliivaa miwani, akaisoma pande zote mbili, Kiwelisi na Kiingereza, akaiweka mezani ikiangalia chini. Akasema Kiwelisi chake hakina kosa la sarufi hata moja, na hilo ndilo linalomsikitisha: mtu anayejua lugha kiasi hicho alipaswa kujua Nia ni nani. Kisha akaimba kipande kidogo. Mwaka 1974, akiwa msichana, alikwenda Carmarthen kwenye Eisteddfod ya Taifa, na huko ikaonyeshwa opera ya roki ya Kiwelisi juu ya hadithi hii hii, iitwayo Nia Ben Aur. Kwa nain, jina hilo ni gitaa, ni nywele ndefu za vijana wa miaka ya sabini, na lugha ambayo wakati ule vijana walikuwa wanaipigania barabarani. Alipoambiwa mjukuu ataitwa Nia alidhani ni kwa heshima yake. Mama yetu, huko Tanga, alidhani ni kwa heshima ya Kiswahili. Mdogo wangu ana akili ya biashara, hakumsahihisha hata mmoja.

Na jina lenyewe linawasaidia kuishi hivyo, maana hakuna bibi anayeling'ata. Kiwelisi kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. NI-a huku, NI-a kule. Wakati wa kuchagua walikuwa na Angharad kwenye orodha, jina tamu lenye maana ya mpendwa sana, lakini mama alipolijaribu kwenye simu kila mtu alikubali kwamba liachwe.

Niliandikia duka. Barua yangu ilikuwa fupi na ya heshima: kadi yenu imempa mtoto maana ya Kiswahili na kuiita ya Kiwelisi, tafadhali angalieni. Jibu lilikuja kesho yake, wakaomba radhi, wakasema watatuma nyingine bila malipo. Hapo nawapa alama zote.

Kadi ya pili ikafika. Ilisema: Nia, jina la Kiwelisi lenye asili ya Ayalandi, maana yake "mwenye nywele za dhahabu".

Jamani. Walikaribia. Wametoka Kiswahilini, wamefika Ayalandi, wakapita nyumba moja mbele. Nywele za dhahabu si maana ya Nia, ni sifa aliyobandikwa: ben aur, kichwa cha dhahabu. Pen ni kichwa, aur ni dhahabu, na baada ya jina la mwanamke ile P hugeuka B. Kiwelisi hubadili mwanzo wa neno kufuatana na jirani yake, jambo ambalo mtu aliyelelewa na m-, wa-, ki-, vi- hana sababu ya kulishangaa. Ni sawa na kusema maana ya jina Liyongo ni "Fumo". Tena huyu Nia wetu ana nywele nyeusi tii, zilizojikunja kama za baba yake, na kadi hiyo ingetundikwa juu ya kitanda chake akikua anaisoma kila siku. Hapo sikucheka. Mtoto wa rangi mbili katika mji mdogo ataulizwa maswali ya nywele bila kusaidiwa na zawadi ya shangazi.

Hapa niseme kwamba nyumbani hatukukubaliana. Wifi aliipenda kadi ya kwanza. Alisema, "Wifi, acha tu. Kusudi ni neno zuri, na kweli ni maana ya jina lake, upande wa baba." Mdogo wangu akamuunga mkono, ila yeye huunga mkono chochote kinachomaliza mazungumzo. Msimamo wangu ulikuwa na bado ni huu: maana zote mbili ni za mtoto, lakini kila moja ina kwao. Ukimwambia kusudi ni Kiwelisi, umewadhulumu mabibi wote wawili kwa mpigo, wa Tanga umemnyang'anya neno na wa Caernarfon umemnyang'anya hadithi. Na siku mtoto atakapolisema shuleni, huko Gwynedd, eneo lenye mji wa Caernarfon, ambako masomo ni kwa Kiwelisi, mwalimu atamsahihisha mbele ya wenzake.

Kwa hiyo kadi ya tatu niliitunga mwenyewe. Kwenye fomu yao kuna kisanduku cha "maelezo kwa fundi" ambacho watu wengi huandika "asante". Niliandika matini yote: Nia, sura ya Kiwelisi ya jina la Kiayalandi Niamh, mng'ao, lililoingia Kiwelisi kwa shairi la T. Gwynn Jones, 1916. Chini yake mstari wa pili: na kwa Kiswahili cha upande wa baba yake, nia, kusudi la moyo. Nain akanisaidia kuupeleka mstari huo kwenye Kiwelisi. Walichapa kama nilivyotuma, hawakukosea nukta, hawakudai senti. Karatasi ni nzito, wino haupakazi ukigusa kwa kidole chenye mafuta, na rangi ya maandishi ni buluu ya kiza inayopendeza karibu na mbao nyeupe.

Kwa kuwa sasa nilikuwa nimeshakuwa mkaguzi, nilipitia kadi za majina mengine walizoweka kama mifano kwenye tovuti. Haki lazima nitende: nyingi ziko sawa. Olwen wameitafsiri kuwa nyayo nyeupe, na wameongeza kwamba katika hadithi ya Culhwch na Olwen, maua meupe ya klova huchipua kila alipokanyaga. Kadi hiyo ningeinunua hata bila kuwa na mtu anayeitwa Olwen. Megan wameieleza kuwa kifupi cha Margaret na maana yake lulu, na hawakuiita ya Ayalandi kama wanavyofanya wengi. Bronwen iko sawa. Branwen, ambayo watu huichanganya na Bronwen kwa sababu ya herufi moja, wameitenganisha vizuri na kumtaja binti wa Llŷr na yule ndege aliyemfunza kubeba barua kutoka Ayalandi. Ni wazi kwamba majina yenye mizizi ya Kiwelisi mtu mwenye ujuzi aliyaandika kwa mkono wake, na majina yaliyoingia kutoka nje yaliokotwa popote. Mwenye binti Gwen au Olwen anunue bila wasiwasi. Mwenye Nia, au jina lolote linaloishi katika lugha zaidi ya moja, atumie kile kisanduku.

Posta: kijiko kilifika kwa siku nne, kwenye boksi gumu lililojazwa karatasi laini, hakuna ncha iliyovunjika. Usimpe mtoto akichezee hata kidogo. Kizimba cha gololi kina kingo nyembamba na ncha ya mpini ina makali. Mafuta waliyopaka yalinukia kwa siku kadhaa kisha harufu ikaisha. Usioshe kwa maji, pangusa kwa kitambaa kikavu.

Nyota tano kwa fundi, ambaye ningependa duka liandike jina lake mahali. Nyota mbili kwa kadi jinsi inavyotoka dukani, nne ukiitunga mwenyewe. Na ukitaka kuagiza, usingoje Januari. Tarehe 25 Januari ni siku ya Santes Dwynwen, mtakatifu wa wapendanao wa Wales, kila mtu anataka kijiko wiki hiyo, na kwenye tovuti yao wenyewe wanasema kazi ya kuchonga inachukua mara mbili ya muda wa kawaida.